Baraza la ndoa au duka la mihuri?

Kuna karatasi moja ambayo kijana wa mjini haijui mpaka siku imkwame kooni. Si leseni ya udereva, si kitambulisho cha taifa, si cheti cha kuzaliwa. Ni hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Bila hati hiyo huwezi kuachana na mkeo kwa njia ya halali, naye hawezi kuachana nawe, hata kama mmetupiana masufuria mpaka majirani wamehama.

Vijana wengi wa vijiweni wanaamini kwamba ndoa ikishindikana mtu huenda mahakamani, hakimu hugonga meza, kila mtu anashika njia yake. Ndugu zangu, sivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inamzuia mtu kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye baraza, na baraza likathibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Sheria hiyo ilipitishwa na Bunge la chama kimoja, enzi za TANU, na mimi niliyezoea kuwasema wakubwa katika ukurasa huu nakiri kuwa hapo waliwaza vizuri. Waliona kwamba ugomvi wa mume na mke si wizi wa ng'ombe. Watu hawa watakutana tena kwenye harusi ya mtoto wao na kwenye msiba wa bibi yao. Kwa hiyo waongee kwanza.

Waongee mbele ya nani? Hapo ndipo penye mfupa.

Chukua kata ya Kaniha, wilayani Biharamulo, mkoa wa Kagera. Naitaja kwa sababu pande zile za Biharamulo na Ngara zimechanganya watu kama maharage ya sokoni. Kuna Wasubi, Wahangaza, Wasukuma waliohamia na mifugo yao, Waha na Wahaya. Msukuma anaoa kwa ng'ombe anaowahesabu mmoja mmoja, na jirani yake ana hesabu nyingine kabisa. Wakioana watoto wao na ndoa ikalegea, mila ya nani itumike? Mwaka 1963 serikali ilijaribu kuziandika mila za ndoa na mahari za makabila yanayofuata ukoo wa baba, zikachapishwa katika Tangazo la Serikali Namba 279. Lakini nani kijijini amewahi kuliona tangazo hilo? Watu wanakwenda na wanachokumbuka, na anayekumbuka zaidi ni yule mwenye sauti kubwa.

Hata hivyo wanakaa na wanaongea. Anaitwa shangazi, anaitwa mshenga, wanaitwa wazee wa pande zote mbili, na mara nyingi wanafika mahali. Wasipofika, ngazi inayofuata ni kata, halafu mahakama ya mwanzo, halafu wilayani. Na kwa anayetaka kufika Mahakama Kuu, masijala iko Bukoba, zaidi ya kilomita 150 kutoka mji wa Biharamulo. Mkulima wa mihogo atapanda basi mara ngapi kufuata talaka? Ndiyo maana usuluhishi wa karibu si anasa kwa mtu wa huko. Ndiyo mahakama yake hasa.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu.

Rafiki yangu mmoja ni dereva wa bodaboda hapa Mwanza, kijiwe chake kiko Buzuruga. Mkewe alirudi kwao mwaka juzi, katika kata moja ya mkoani Kagera ambayo sitaitaja, na wasomaji wa Kaniha wasinirukie, si kwao. Sababu za kurudi nazijua, na rafiki yangu hakuwa malaika. Pesa ya matumizi ilikuwa inapita kwanza kwa mwanamke mwingine, nyumbani ikifika imekonda. Wana mtoto mmoja wa kike, na kiwanja walichokijengea vyumba viwili kabla hawajagombana.

Aliniomba nimsindikize ukweni. Tulifika tukiwa tumevimba vichwa, maana yeye alitegemea kudaiwa na mimi nilitegemea vita. Tulikaribishwa viti. Baba mkwe alisikiliza pande zote bila kumkata mtu kauli, kisha akasema: "Mwanangu, sikuiti hapa kwa ajili ya mali. Nataka uniambie mbele ya watu hawa mjukuu wangu atakula wapi na atasoma wapi." Basi. Wote tukatazama chini.

Shangazi wa binti ndiye aliyeuliza swali lililomaliza kikao. Hakuuliza nani mkosaji. Aliwauliza wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama kuna siku katika mwaka uliopita ambayo walitamani kurudiana. Mwanamke akasema hapana. Rafiki yangu akanyamaza muda mrefu, kisha naye akasema: "Hapana, shangazi." Kwa saa tatu hivi walikubaliana kila kitu. Mtoto akae na mama yake mpaka akue kidogo, ada atoe baba, kila mwezi atume kiasi walichokitaja mbele ya mashahidi, na vyumba viwili vikodishwe, kodi igawanywe katikati. Yaliandikwa kwenye daftari la shule, wakatia saini. Sijawahi kuona mahakama iliyofanya kazi nzuri kama ile, na haikuwa na hata kiti cha kuegemea.

Ilibaki karatasi tu. Wote wawili walitaka talaka ya halali, waweze kuoa na kuolewa tena bila mtu kuwafuata nyuma.

Kesho yake tukaenda kata. Hapo ndipo tulipoonja Tanzania ile nyingine. Elfu thelathini ya kufungua jalada. Elfu kumi ya barua ya wito, kila upande, ingawa pande zote mbili zilikuwa zimekaa pale pale kwenye benchi moja zinatazamana. Na "soda ya wajumbe". Tukaomba risiti. Jamaa akatutazama kama tumemtukania mama. Wajumbe wenyewe hatukuwaona. Baada ya siku mbili tulipewa barua yenye mstari mmoja na nusu, kwamba hao wameshindwana waendelee mahakamani, ina muhuri wa ofisi na saini ya mtu mmoja.

Rafiki yangu aliibeba barua ile kama yai. Karani wa mahakama aliisoma kwa sekunde tano akairudisha. Hii si hati, alisema.

Na karani alikuwa sahihi! Hapa nawaomba vijana msome kwa makini, maana hakuna atakayewaeleza bure. Sheria inasema baraza la ndoa liwe na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Linawaita mume na mke, linawasikiliza, linachunguza. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati inayoeleza lilichokiona, na linaweza kuambatanisha mapendekezo yake juu ya matunzo, mgawanyo wa mali na watoto wakae na nani. Hati hiyo ndiyo inayofuatana na ombi la talaka. Barua ya mtendaji haitoshi. Baraza lenyewe halivunji ndoa. Mwenye mamlaka ya kuvunja ndoa ni mahakama peke yake, kwa hiyo ukipewa karatasi ya kata inayosema "kuanzia leo ninyi si mume na mke", jua umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tena kasoro hiyo haikufi mahakama ya mwanzo. Inaweza kukusubiri juu. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, ikisikiliza shauri lililotoka Mtwara, ilikuta wanandoa waliokwisha kupanda ngazi zote za chini, wakapata hukumu, wakakata rufaa. Majaji wakatazama mwanzo wa jalada wakakuta hakuna hati halali ya baraza. Wakasema shauri lilifunguliwa kabla ya wakati wake, wakafuta kila kitu. Fikiri miaka ile, nauli zile, maneno yale waliyotupiana mbele ya watu, vyote vimekwenda na maji kwa sababu ya karatasi ambayo ilipaswa kuandikwa na watu watatu kwenye benchi.

Zipo hali ambazo sheria inakusamehe usipite barazani. Mwenzako amekutoroka na hujui aliko. Aliitwa na baraza akakataa makusudi kuja. Amefungwa maisha au miaka mitano na zaidi. Ana ugonjwa wa akili usiopona. Au mahakama imeridhika kuwa kuna mazingira yasiyo ya kawaida. Kuna na nyingine inayonichekesha kicheko cha uchungu: mwenzako amewekwa kizuizini kwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini na amekaa humo zaidi ya miezi sita. Yaani waliotunga walijua kabisa kwamba serikali yao inaweza kumchukua mume wa mtu bila kesi na ndoa ikafia nje ya geti. Sheria hiyo ya kizuizini ya mwaka 1962 ilikuwa katika zile sheria 40 ambazo Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ile ya mfumo wa vyama vingi, ilizilalamikia.

Na msamaha mwingine unawagusa sana watu wa Ngara na Biharamulo: mwenzako anaishi nje ya nchi na hatazamiwi kuingia ndani ya miezi sita. Mpaka uko pale. Watu wameoana kuvuka Rusumo na Kabanga tangu kabla ya huo mpaka kuchorwa. Julai 2013 Rais Kikwete akiwa ziarani Kagera alitoa siku 14 kwa wanaoitwa wahamiaji haramu waondoke, na baadaye ikaja Operesheni Kimbunga. Maelfu walivushwa. Wamo wanawake waliokuwa wake halali wa Watanzania kwa miaka mingi, wakaondoka na watoto wengine wakabaki. Nani aliwaita hao barazani? Serikali inayotuhubiria usuluhishi wa ndoa ilizitenganisha ndoa kwa lori, kisha mume aliyebaki anaambiwa alete hati ya kata. Ajue basi, kwa kifungu hicho hicho cha 101, kwamba anaweza kwenda mahakamani akaeleza mkewe yuko upande wa pili.

Turudi kwenye benchi la kata. Kwa nini pale pamekuwa duka la mihuri? Wengine watasema ni umaskini wa wajumbe, hawana posho. Kuna ukweli, mtu anayeacha shamba lake kusikiliza ugomvi wa wenzake anastahili kulipwa. Lakini hilo si lote. Katika kata nyingi wanaokaa kama baraza la ndoa ni wale wale wa baraza la kata. Na baraza la kata, kwa sheria ya mwaka 1985, wajumbe wake huchaguliwa na kamati ya kata. Kamati hiyo ni nani? Ni diwani, wenyeviti wa vijiji na mtendaji. Sasa kumbuka uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wagombea wetu walivyoenguliwa kwa makosa ya kuandika herufi mpaka vyama vikuu vya upinzani vikajitoa. Kumbuka wa 2024, chama tawala kilivyotangaziwa karibu viti vyote. Kwa hiyo uchaguzi ukiibwa kwenye kitongoji, hauishii kwenye kitongoji. Unaingia mpaka chumbani kwako. Yule aliyepitishwa bila kupingwa ndiye anayesaidia kuchagua atakayeamua kama mkeo alinyanyaswa au hakunyanyaswa.

Kuna mwanachama wetu aliniambia hathubutu kupeleka ugomvi wake kata, maana mwenyekiti wa baraza ndiye aliyekuwa akimrushia maneno kwenye kampeni. Anaishi na mke ambaye hawasemeshani. Wanapikiana, wanalala, hawasemeshani. Huyo amenyimwa haki kabla hajafungua mdomo.

Mwaka 2021 Bunge liliyapunguzia mabaraza ya kata meno katika ardhi, yakabakishiwa kusuluhisha tu ndani ya siku 30, yasiamue. Sababu zilizosemwa nyingi ni hizi hizi: uelewa mdogo, upendeleo, malalamiko. Kama walionekana hawafai kuamua mpaka wa shamba, mbona hakuna aliyeuliza wanavyoshughulika na watu wawili waliozaa pamoja? Ninachokitaka mimi si kuyafuta. Nataka majina ya wajumbe wa baraza la ndoa yabandikwe ukutani, wachaguliwe na wakazi katika mkutano wa hadhara na si na kamati ya madiwani na wenyeviti, wawemo wanawake wa kutosha, walipwe na halmashauri, na kila senti inayodaiwa itolewe risiti. Sheria inaruhusu pia jumuiya, zikiwemo za dini, kuwa na mabaraza yake yanayotambuliwa. Waumini watumie hayo, lakini waulize kwanza kama limetambuliwa na kama linajua kuandika hati. Kwa ndugu zetu Waislamu hasa: talaka uliyoitoa sebuleni haikuondolei barabara hiyo. Baraza lithibitishe kwanza kuwa limeshindwa, talaka itolewe baada ya hapo, ndipo mahakama inapoitambua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika.

Sasa na sisi tujiseme. Maana naona vijana mnatikisa kichwa mkidhani lawama zote ni za mtendaji.

Wangapi kati yetu tunaishi na binti wa watu kwa mtindo wa sogea tukae, miaka miwili, mitatu, jirani wanamwita shemeji, mama mwenye nyumba anamwita mke wa fulani, na siku tukichoka tunamwambia "kwani nilikuoa"? Kifungu cha 160 kinakungoja. Mkiwa mmekaa miaka miwili au zaidi na watu wanawajua kama mume na mke, sheria inachukulia kuwa mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata ikithibitishwa vinginevyo mahakama inaweza kukuamuru kumtunza yeye na watoto. Wala usiseme hukumaliza mahari. Mahari kutolipwa hakuifanyi ndoa kuwa batili.

Wengine mnasema nyumba ni yangu, yeye alikuwa anakaa tu ndani. Mwaka 1983, katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa ni huyo huyo Nyalali, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgawo, mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe akazitumia vibaya, lakini mlango aliufungua yeye na wenzake wanapita mpaka leo. Mkikaa kusuluhishana ukweni, ujue kuwa anayekaa mbele yako hayuko mikono mitupu. Hilo lisikutishe. Litakufanya uongee kwa adabu.

Na ngumi. Hapa sina utani. Kuna vikao vya ukoo vinavyomaliza kesi ya mkono uliovunjika kwa mbuzi mmoja na debe la pombe ya ndizi, mwanamke akarudishwa kwa mume amebebewa khanga mpya. Huo si usuluhishi. Kifungu cha 66 kimesema wazi kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto kwa kazi hiyo. Ukoo una heshima yake lakini ukoo hukosea. Mwaka 1990 ni mwanamke wa Kagera hiyo hiyo, Holaria Pastory, aliyeambiwa kuwa kwa mila hana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi, na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu pale Mwanza akasema mila hiyo inayombagua haiwezi kusimama mbele ya Katiba.

Rafiki yangu hajapiga mtu. Ametimiza aliyoyasaini kwenye lile daftari, nashuhudia mwenyewe, kila tarehe tano ananipa simu yake nihakikishe muamala umekwenda, maana anaogopa kukosea namba. Kodi ya vile vyumba viwili wanagawana. Mtoto kaanza darasa la kwanza. Kila kilichokubaliwa na wale wazee chini ya mwembe kinafanya kazi. Kisichofanya kazi ni kile cha muhuri.

Wiki iliyopita alipigiwa simu kutoka kata. Wamekubali kuitisha baraza kamili, wajumbe watatu na mwenyekiti, waandike hati yenye maelezo. Alifurahi, akaniambia niandae begi. Juzi wakapiga tena. Mwenyekiti ana vikao vya chama wilayani, kwa hiyo ni Alhamisi ya wiki ijayo, na safari hii aje na picha mbili za pasipoti na elfu ishirini ya karatasi. Aliuliza karatasi ngapi. Simu ikakatwa.